Mtoto anataka langalanga: piga hesabu kabla ya kununua gari

Kila mwaka Formula 1 ikishapita Abu Dhabi, simu yangu hailali. Wazazi wa Mombasa, wa Dar, wa Muscat, hata jamaa waliohamia Uingereza, swali lao ni moja: mwanangu anapenda langalanga, nianzie wapi? Mimi ni fundi, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Nimeshika spana za gokati, vile vigari vidogo vya mbio wanavyoanzia watoto, hapa Dubai miaka kumi na minne, na misimu minne ya karibuni nahudumia magari ya Formula 4 (F4), ngazi inayofuata baada ya gokati. Bei nitakazotaja ni zile ninazozisikia na kuziona kazini, na kila timu ina zake.

Usinunue kitu kwanza. Kodisha gokati kwenye viwanja vyake. Nairobi ipo GP Karting, Dubai ipo Kartdrome, Muscat mna Muscat Speedway. Mpe mtoto miezi sita, na kila akishuka chukua ile karatasi ya muda wa mizunguko. Wazazi hukimbilia kutazama mzunguko wa kasi kuliko yote. Mimi natazama kumi mfululizo. Mtoto ambaye mizunguko yake kumi haipishani zaidi ya nusu sekunde, tena na magari mengine yakiwa njiani, huyo kuna kitu ndani yake. Anayepiga mmoja wa ajabu kisha tisa ya kubahatisha bado hajaiva. Mwache aendelee kukodisha, ni rahisi.

Ukishaamua kununua, tafuta gokati ya daraja la Rotax. Injini zake zimepigwa lakiri, hakuna anayeruhusiwa kuichokonoa yake ili iwe na nguvu kuliko ya jirani, na hilo linaokoa pesa nyingi. Mpya kamili ni kama yuro 6,000 hadi 9,000. Ya mkononi ni nafuu, lakini usiangalie rangi wala stika. Ilaze ubavu, washa tochi, tazama mabomba ya chini. Yakiwa yamebapa kwa kusuguliwa na kingo za njia, fremu imekwisha. Pitisha ukucha polepole kwenye kila kiungo kilichochomelewa. Ukikwama mahali, hapo pana ufa, rudisha pesa zako mfukoni. Kofia ya mtoto wa chini ya miaka 15 iwe na lebo ya CMR, yaani kofia nyepesi ya watoto, maana shingo yake haiwezi kubeba kofia ya mtu mzima. Kinga ya mbavu usiisahau. Nimewaona watoto wakilia kwa maumivu ya mbavu wakaitwa waoga.

Gharama ya kweli ni tairi. Seti moja inazidi dola 200, na wikendi ya mbio unataka mpya, mbali na zile za mazoezi. Mzazi anayejifunza ufundi mwenyewe, akicheza mbio za klabu tu, anaweza kumaliza mwaka kwa dola 10,000 hadi 20,000. Ukimpeleka Italia kushindana na watoto wa timu kubwa, yuro 150,000 kwa mwaka si kitu cha kushangaza. Ndiyo, kwa gokati.

Hata hivyo hatua hii msiipite haraka, kwa sababu wakubwa huwaokota watoto hapa hapa. Lewis Hamilton, bingwa wa Formula 1, alisainiwa na timu ya McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13, bado yuko kwenye gokati, na baba yake Anthony alikuwa akifanya kazi zaidi ya moja kumlipia. Juzi baba mmoja wa Muscat, asili yake Pemba, alinipigia. “Fundi, nimeuza kiwanja, nina riale elfu arobaini. Mwaka huu namtia F4.” Nikamwambia, “Ami, hiyo ni miaka mitatu ya gokati safi, au miezi miwili ya F4 kisha mnarudi nyumbani.” Mtoto ana miaka 15. Tumekubaliana abaki kwenye gokati mwaka mmoja tena.

F4 mtu haingii kabla ya kutimiza miaka 15. Msimu kamili Ulaya ni yuro 300,000 hadi 500,000. Huku Ghuba kuna msimu mfupi wa Januari na Februari, nao utaombwa zaidi ya yuro 100,000. Sehemu kubwa ya pesa hizo haiendi kwenye mbio, inaendea siku za mazoezi. Kwa hiyo ukikaa mezani na timu, swali la kwanza liwe: siku ngapi za mazoezi, na tairi mpya seti ngapi? Kisha uliza nani analipa gari likivunjika. Nilimhudumia kijana aliyegusa ukuta kidogo tu siku ya majaribio. Bawa la mbele, mkono mmoja wa sasipensheni, rimu. Ankara ikaja zaidi ya yuro 4,000, na baba yake hakujua kwamba mkataba aliosaini ulimtwisha yeye uharibifu wote. Nilimwona akiisoma ile karatasi amesimama nyuma ya lori, na mpaka leo inaniuma, maana ningeweza kumwambia mapema. Bima ya uharibifu ipo. Iulize kabla ya kutia sahihi.

Kingine: leseni ya mbio hutolewa na chama cha mbio za magari cha nchi yako, KMSF kwa Kenya, AAT kwa Tanzania, na ukitaka kushindana nje chama hicho lazima kikupe ruhusa. Anza kuifuatilia mapema.

Ngazi za juu ya F4 bei zinapaa. Formula Regional ni yuro 600,000 hadi milioni, F3 inazidi milioni, F2 ni milioni 2 hadi 3. Mwaka mmoja mmoja kuanzia F4, unakaribia milioni 5. Leseni ya kuendesha Formula 1 inadai umri wa miaka 18, ingawa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, inaweza kumruhusu wa 17, na pointi 40 ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa F4 anapata 12, wa F3 anapata 30, watatu wa kwanza wa F2 wanapata 40 kila mmoja. Msichana naye ana njia ya ziada, F1 Academy, mashindano ya wasichana yaliyoanza 2023. Pale Formula 1 na timu zake hubeba sehemu kubwa ya gharama.

Sasa kaeni mezani, baba, mama na mtoto, muandike kiasi ambacho kikiisha mnasimama. Nyumba isiwemo. Na kusimama si kufa kwa ndoto ya udereva. Kila Januari hapa Dubai kuna mbio za saa 24, na kwenye magari ya GT, yale ya mbio yanayofanana na magari ya kasi ya barabarani, matajiri wanaoendesha kwa mapenzi huwahitaji vijana wenye kasi wa kushirikiana nao na kuwafundisha. Tajiri analipia gari, kijana analipwa. Wawili niliowafunga mikanda kwenye F4 sasa wanakula kwa kazi hiyo.

Msimu wa klabu huku unafunguka joto likipungua, kuanzia Septemba au Oktoba. Kabla ya hapo mpeleke akodishe, apige mizunguko yake kumi, unipigie picha ile karatasi.