Jinsi ya kulitoa gemu la Prinsi kwenye kompyuta ya kichogo iliyolala stoo

Wakuu, kama kwenu bado kuna ile CPU yenye rangi ya maziwa yaliyolala, imefunikwa kitenge na juu yake kuna ndoo ya rangi, msiiuze kwa wanaonunua skrepa. Ngojeni kwanza niwaelekeze jinsi ya kulitoa humo gemu la Prinsi, yaani Prince of Persia, mkalicheze kwenye laptopu.

Kwetu Kirumba, Mwanza, kompyuta aliileta baba mdogo, Pentium ya mtumba ina Windows 98 na monita ya kichogo imemaliza nusu ya meza. Wenzetu wa Uingereza walianza na kompyuta za ZX Spectrum na Commodore 64, zote za 1982, gemu linasomwa kutoka kwenye kaseti unasubiri dakika kadhaa, lakini huku mwaka 1974 serikali ilishapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ikaja kulegeza taratibu baadaye, kwa hiyo wengi wetu mashine zilitukuta zikiwa tayari mitumba. Ndani ya ile ya baba mdogo kulikuwa na Prince of Persia ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, unaandika amri), ile ya 1990. Sisi tuliita Prinsi tu. Ukifa unampisha mwenzako. Na jioni wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi wanavamia mwanga wa skrini, basi tunafunga madirisha yote tunabaki tunatoka jasho humo ndani watoto saba.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza, ambalo nilishalifanya mimi ili nyie msilifanye, ni kuchomeka CPU ukutani uone kama inawaka. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Cha kwangu kuna mtoto alikuwa amekichezea kikawa kwenye 115, nikawasha, ikalia pwaa, moshi, mama akaja na mwiko mkononi. Diski ilipona kwa bahati tu.

Kwa hiyo usiwashe, fungua. Toa skrubu za pembeni, vua bati, utakuta vumbi na wale wadudu wamekauka kama makombo ya mkate, na mjusi mmoja lazima. Safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Hadi diski (hard disk, inayotunza mafaili yote) ndiyo lile boksi la chuma lenye uzito, ina waya mpana bapa kama utepe, huo unaitwa IDE. Chomoa huo na ule wa umeme. Kisha tafuta adapta ya IDE kwenda USB, ukikosa kwa wauza vifaa mjini agiza Dar, ila hakikisha inakuja na chaja yake, maana hizi diski kubwa USB peke yake haiziwezi. Kile kijampa (kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili) nyuma ya diski kiweke kwenye Master, mchoro uko juu ya stika.

Ukiichomeka kwenye laptopu, Windows ya sasa inaisoma bila shida. Lakini ikikuuliza kama unataka kuformati, SEMA HAPANA. Kuna fundi mmoja nilimpelekea diski nyingine akabonyeza ndiyo, akanirudishia ikiwa safi kabisa, kwake ilikuwa sifa. Picha za harusi ya shangazi zilikuwa humo.

Kopi folda lote la gemu, siyo faili moja la prince.exe peke yake, weka C:\magemu\prince. Majina yawe mafupi, herufi nane mwisho, DOS haitaki zaidi ya hapo. Halafu daunilodi DOSBox, programu ya bure inayoiga kompyuta ya DOS, ifungue uandike haya, kila mstari na enta yake:

mount c c:\magemu
c:
cd prince
prince

Ikigoma, mara nyingi ni nafasi umesahau baada ya mount au baada ya ile c ya kwanza. Alt na Enta inajaza skrini. Gemu likikwama kwama bonyeza Ctrl na F12, likienda mbio kama limefukuzwa Ctrl na F11 (laptopu nyingine mpaka ushikilie na Fn). Hii ya kasi ni ya muhimu kwa magemu mengine ya enzi zile, kuna yaliyokuwa yanahesabu mwendo kwa spidi ya prosesa, ndiyo maana kompyuta za kale zilikuwa na kitufe cha Turbo cha kupunguzia kasi. Kwenye simu pia inawezekana ila bila kibodi Prinsi ni mateso, mimi siyapendekezi.

Ukiingia: shifti unaokota upanga na kunywa chupa, kwenye mapigano shifti hiyo hiyo ndiyo inachoma na mshale wa juu unakinga. Ukitembea huku umeshika shifti anapiga hatua za tahadhari, hivyo ndivyo unavyopita kwenye miiba. Una dakika 60 tu za kumuokoa binti mfalme, spesi inakuonyesha zilizobaki.

Na kwa wale wa "megahit": lile neno la siri la kudanganyia gemu tuliloandikiana kwenye kikaratasi cha daftari bado linafanya kazi. Badala ya prince peke yake andika prince megahit, ukiwa ndani bonyeza shifti na L unaruka levo. Ikikataa una toleo la baadaye, jaribu prince improved.

Kitu kilichoniuma ni kingine. Zile dakika 60 hatukuwahi kuzimaliza, umeme ulikuwa unakatika tuko levo ya saba au ya nane, kila mtu anapiga kelele, kesho tunaanza upya. Juzi ndiyo nimejua kumbe kuanzia levo ya tatu ukibonyeza Ctrl na G linasevu. Nimempigia baba mdogo nikamwambia. Amecheka, akaniuliza kama ile CPU bado nitamrudishia.