Kuvua na kuvaa: jinsi ya kuachana na tabia ya zamani ukishaokoka

Mtu hukata shauri Jumapili, shida huanza Jumatatu jioni. Moyo umegeuka kweli, lakini miguu bado inaijua njia ya grosari ya pombe, na kidole bado kinajua pa kubonyeza ili mkeka wa kubeti uingie. Hapo wengi hudhani hawakuokoka sawasawa, wakakimbilia kuombewa upya kila wiki. Mara nyingi kilichokosekana ni utaratibu.

Paulo aliwapa Waefeso utaratibu huo katika sura ya 4, mstari wa 22 hadi 24: vua utu wa zamani, ufanywe upya katika nia, vaa utu mpya. Sisi hukazana na kuvua tu. Shuka hadi mstari wa 28 uone anavyofanya: mwizi haambiwi aache kuiba halafu basi. Anaambiwa asiibe tena, *bali* afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Mkono uleule uliokuwa ukichukua sasa unatoa. Kila tabia unayoiacha itafutie "bali" yake, la sivyo utakuwa ile nyumba ya Mathayo 12, iliyofagiwa ikapambwa lakini ikakaa tupu, na pepo akarudi na wenzake saba. Na haya yote huyafanyi ili ununue wokovu. Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Wewe ni mwanafunzi wake.

Itaje, kisha ifuate nyayo

Chukua daftari. Usiandike "udhaifu wa mwili". Andika "nabeti elfu tano kila Jumamosi", au "nachati na mume wa mtu baada ya saa nne usiku". Dhambi iliyoandikwa kwa jina la jumla hujificha. Zote zitubie leo, lakini mpango wa kila siku uanze na moja, zikizidi mbili. Anayepanga kupambana na saba kwa mpigo kwa kawaida huchoka kabla mwezi haujaisha.

Kwa siku 7, kila tamaa inapowaka, andika saa, mahali, uliyekuwa naye, fedha uliyokuwa nayo, na hali yako: njaa, hasira, uchovu au upweke. Siku ya nane anza na kuanguka kwenyewe, urudi nyuma hatua moja moja.

Mfano, kijana anayebeba mizigo Kariakoo na kuishi Mbagala. Yeye anaamini huanguka pale anapofungua chupa ya kwanza. Daftari linasema jambo jingine. Saa kumi na mbili jioni amelipwa taslimu, fedha yote iko mfukoni, na tangu chai na chapati za asubuhi hajala kitu. Anashuka kituo kilekile, grosari iko kati ya kituo na nyumbani, wenzake wameshakaa na kiti chake kipo. Akifika mezani vita imeshakwisha, alishindwa Kariakoo.

Kwa hiyo marekebisho yanaanzia Kariakoo. Kabla ya kupanda daladala apite kwa wakala, aitume fedha kwa mke wake au aiweke kwenye akiba ya kikundi, abaki na nauli na ya chakula. Ale hapohapo, hata mihogo na chai. Ashuke kituo cha mbele na kurudi kwa miguu kwa barabara nyingine. Akiwa njiani ampigie ndugu mmoja wa kanisani. Na siku ya malipo, ambayo ndiyo siku yake mbaya, ajiunge na zoezi la kwaya au jumuiya inayokutana jioni hiyohiyo. Warumi 13:14 inasema mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake. Kubeba mshahara mzima kupita mlango wa grosari ni kuwasha.

Panapoharibika ni wiki ya tatu. Amejiona imara, anasema apite tu kuwasalimia jamaa, yeye atakunywa soda. Kwa miezi mitatu ya kwanza, hapana, hata soda. Wenzake awasalimie mchana, mahali pasipo na chupa.

Mambo ya kuangalia kwa kila tabia

Anayekunywa sana kila siku, hasa anayetetemeka asubuhi asipopata kitu, asiache ghafla peke yake nyumbani. Ndani ya siku tatu hivi za kwanza anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Aende hospitali, aseme ukweli kiasi anachokunywa. Kwa waliofungwa na heroini, kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Kumwambia mtu kwamba dawa ni kukosa imani ni kumwonea. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu.

Kubeti: kufuta programu hakutoshi, maana namba ya simu na akaunti vingalipo. Andikia huduma kwa wateja wakufungie akaunti moja kwa moja, jitoe kwenye magrupu ya mikeka, na usichukue tena mkopo wa simu. Ile elfu tano ya Jumamosi iende kulipa deni asubuhi, kabla mechi hazijaanza.

Mchepuko: tuma ujumbe mmoja mfupi. "Nimeamua kumrudia Mungu. Sitakutafuta tena, naomba nawe usinitafute. Nisamehe kwa nilivyokukosea." Kisha zuia namba na uifute. Usikubali kuonana "muagane vizuri". Kikao cha kuagana ndicho kinachowarudisha wengi. Ila kama kuna mtoto, matunzo yake yaendelee bila kukosa, mawasiliano yapitie kwa ndugu mnayemwamini au ofisi ya ustawi wa jamii. Mtoto si dhambi ya kuachwa.

Hirizi na dawa za biashara: Waefeso walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani (Matendo 19:19), hawakuviuza ingawa vilikuwa vya thamani ya vipande hamsini elfu vya fedha. Mwite mchungaji au padri, viteketezwe, visigawiwe kwa mtu.

Mtu mmoja wa kumwambia

Yakobo 5:16 inataka tuungamiane. Mkatoliki ana kitubio. Kwingine nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa, kisha upate mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekomaa, asiye na mdomo, na msiyedaiana. Dakika 15, siku moja ya wiki isiyobadilika, maswali matatu: umeanguka wapi, ulikaribia kuanguka wapi, na wiki hii hatari iko siku gani? Hilo la tatu ndilo lenye kazi. Ushuhuda wa madhabahuni usubiri; jeraha bichi halianikwi, na majina ya uliotenda nao si yako kuyataja.

Asubuhi, kabla ya kugombania gari, dakika 15. Injili ya Marko ina sura 16. Soma moja kwa siku, mstari mmoja uende nao kazini. Kama ni chumba kimoja na watoto wamelala, soma kimoyomoyo.

Kurudisha

Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu. Hesabu 5:7 inataka kitu kamili pamoja na sehemu ya tano: ulichukua 100,000, rudisha 120,000. Andika orodha, lipa kidogokidogo kwa simu, tunza ujumbe wa malipo. Kama ni mali ya mwajiri, pata kwanza ushauri wa mchungaji na wa mtu anayejua sheria, kisha usiahirishe.

Ukianguka

Mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena (Mithali 24:16). Usiku uleule, kabla ya kulala, mpigie yule mtu, soma Zaburi ya 51, uombe. Jumapili usijiadhibu kwa kubaki nyumbani. Halafu fungua daftari utafute pengo lilikuwa wapi. Fedha ilibaki mfukoni? Kesho wakala kabla ya kituo. Ilikuwa njaa? Kesho mihogo saa kumi na moja.