Jinsi ya kumwangalia Sunil Gavaskar kama ndo kwanza unaanza kriketi

Gavaskar alikuwa mpigaji wa India. Usianze na takwimu, tafuta video ya mechi ya uwanja wa Oval, London, 1979, India wanasaka rani (pointi za kriketi) 438 dhidi ya Uingereza na yeye mfunguaji (mpigaji anayeanza zamu ya timu) anapiga 221, muda ukaisha, mechi ikawa droo wakiwa 429, yaani bado 9 tu, inauma mpaka leo. Ukiangalia usifuate mpira, mwangalie kichwa, kimetulia tuli, alafu ona mipira ya nje ya wiketi (vile vijiti anavyolinda) anavyoiacha ipite, kuacha nako ni ufundi. Kisha ndo urudi 1971, ziara yake ya kwanza West Indies, mechi 4 rani 774! Malizia Bangalore 1987, inningsi (zamu ya kupiga) yake ya mwisho ya Test (mechi za kimataifa za siku tano), rani 96 kwenye kiwanja kinachogeuza mpira vibaya mno. Mi naipenda kuliko senchuri (rani 100 au zaidi kwenye zamu moja) zake zote 34 za Test.