Kufuli la Git kwenye folda ya mtandao: uliza kwanza, ndipo ufute

Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ikigoma kwa sababu `.git/index.lock` (kufuli, yaani faili linalozuia Git nyingine isiandike kwa wakati huo) tayari lipo, wengi watakwambia ulifute. Nami nililifuta, kwenye folda ya seva ambayo mimi na mwenzangu tulikuwa tumeifungua, kila mtu kwenye mashine yake. Faili la `index`, ambalo Git huwekea mabadiliko yaliyochaguliwa kuhifadhiwa, likaharibika hapo hapo, na mistari yote ambayo mwenzangu alikuwa ameichagua kwa uangalifu na `git add -p` ikapotea. Iliniuma sana, maana kazi haikuwa yangu.

Chanzo ni hiki: Git haiandiki moja kwa moja ndani ya `index`. Huandika kwanza `index.lock`, ikimaliza hulibadilisha jina liwe `index`. Nilipofuta kufuli lake, Git yangu ikaunda lingine, na Git yake ilipomaliza ikabadilisha jina la faili langu lililoandikwa nusu.

Kwa hiyo tazama kwanza kufuli ni la saa ngapi kwa `ls -l .git/index.lock`. Kisha waulize wote wanaotumia folda hiyo, kwa sababu `ps aux | grep git` inaonyesha mashine yako tu. Fungeni na programu za kuandikia msimbo, maana nyingi huendesha `git status` kimyakimya. Ikithibitika hakuna Git inayofanya kazi popote, futa.

Kama `index` imeshaharibika:

`mv .git/index .git/index.mbovu`
`git reset`

Mafaili yako hayaguswi; utarudia `git add` tu.

Wanaotumia Subversion, programu nyingine ya kutunza matoleo, wana shida yao. Tangu toleo 1.7 la mwaka 2011, taarifa za nakala ya kazi hukaa ndani ya `.svn/wc.db`, hifadhidata ya SQLite, nayo hutegemea makufuli ya mfumo wa mafaili. Kwenye NFS, mfumo wa kushirikiana mafaili kupitia mtandao, makufuli hayo mara nyingi si ya kuaminika. Wenzako wakishafunga kila kitu, endesha `svn cleanup` kwenye mashine moja.

Dawa hasa ni kila mtu kufanyia kazi kwenye diski yake. Seva ibaki na hazina tupu, isiyo na mafaili ya kuhariri:

`git init --bare --shared=group /mnt/pamoja/mradi.git`

Kila mmoja achukue nakala yake kwa `git clone /mnt/pamoja/mradi.git`, na kazi ipite kwa `push` (kutuma) na `pull` (kuvuta). Sisi tulihamia huko siku ile ile.