SOMO: Kutafsiri dodoso kwenda Kiswahili, na jinsi swali la saa lilivyotuharibia data

Wakuu, habari zenu.

Kila ukifika msimu wa tasnifu napokea swali lilelile: "Nimepata dodoso la Kiingereza, msimamizi anataka la Kiswahili, naanzia wapi?" Nimelijibu vipandevipande kwa miaka. Wengine wamenipigia usiku wakiwa tayari wako uwandani, na dodoso halieleweki kwa mtu yeyote kijijini. Leo naandika lote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nilianza kama mdodosaji, sasa naratibu kazi za uwandani, tafiti za afya na za kilimo. Taratibu ninazotaja ni za Tanzania Bara isipokuwa nikisema vingine.

Hatua ya 1. Angalia kama dodoso lina mwenyewe, maana mengine yanalipiwa. PHQ-9, lile la maswali 9 ya kupima sonona, linatumika bure na tafsiri ya Kiswahili ipo. Tafuta iliyopo kabla hujaanza yako.

Hatua ya 2. Wafasiri wawili, kila mmoja afanye peke yake, kisha mkae mlinganishe. Mmoja awe mtu wa fani, mwingine asiwe kabisa.

Hatua ya 3. Mtu wa tatu ambaye hajaliona dodoso la asili alirudishe kwenye Kiingereza. Njia hii Richard Brislin aliieleza tangu 1970, na kamati ya maadili inaweza kukuuliza kama uliifuata. Ila usiitegemee peke yake. Inakamata maana iliyopotea, lakini haikamati Kiswahili ambacho hakuna anayekisema. "Katika wiki mbili zilizopita umekuwa ukijisikia chini?" ikirudishwa inatoka safi kabisa, kwa sababu anayeirudisha anakiona Kiingereza kilichojificha ndani yake, "feeling down". Nilikuwepo mdodosaji alipomsomea bibi mmoja sentensi hiyo. Bibi akatazama mkeka, akajisogeza, akapapasa pale alipokalia. Alidhani anaambiwa amekaa vibaya.

Hatua ya 4. Pitia neno mojamoja, utafute yale yanayobeba maana zaidi ya moja. "Ndugu" ni wa tumbo moja, ni binamu, ni mtu wa kwenu tu. "Homa" kwa mmoja ni mwili kuchemka, kwa mwingine ni malaria, kwa mwingine ni mafua. Sehemu nyingi "degedege" huhesabiwa ugonjwa wake peke yake, kwa hiyo mzazi anaweza kukuambia mtoto hajaugua malaria mwaka mzima, na ni yuleyule aliyempeleka kwa mganga kwa degedege. "Kaya" ieleze: wanaokula chungu kimoja. Na mke wa pili mwenye jiko lake ni kaya yake au ya mume? Amua kabla ya kwenda, uandike kwenye mwongozo, usimwachie mdodosaji aamue akiwa mlangoni pa mtu.

Hatua ya 5. Futa maswali ya kukana. Ukimwuliza mtu "Hujawahi kupima?" akasema "Ndiyo", kwa Kiswahili chetu mara nyingi anakubaliana nawe: ndiyo, sijawahi. Mwingine akisema "Ndiyo" ana maana amewahi. Kwenye kishkwambi wote wawili wanaingia kama ndiyo. Uliza "Umewahi kupima?" basi.

Hatua ya 6. SAA. Hapa naomba msome polepole.

Tulikuwa na utafiti wa vyandarua katika kijiji cha wavuvi wa dagaa kandoni mwa Ziwa Victoria. Mbu wa malaria huuma usiku, na wengine huanza mapema watu wakiwa bado nje wanaota moto na kupika, kwa hiyo tulitaka kujua mtu anaingia kwenye chandarua saa ngapi na anatoka saa ngapi. Swali lilikuwa jepesi: "Jana usiku uliingia kwenye chandarua saa ngapi?" Kwenye kishkwambi niliweka kisanduku cha saa cha kawaida, kile cha saa 24. Nusu ya wadodosaji waliposikia "saa nne" walibadilisha kichwani wakaandika 22:00. Nusu waliandika 4:00 kama walivyosikia. Programu ilipokea zote.

Niligundua baada ya wiki mbili, zaidi ya fomu 200 zimeshatumwa. Wazo la kwanza lilikuwa kurekebisha: anayeingia kulala 4:00 lazima ni saa nne usiku. Lakini wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na wapo wanaorudi nyumbani saa kumi alfajiri, ndiyo 4:00 hiyohiyo. Sikuweza kumtenganisha aliyelala mapema na aliyekuwa ziwani usiku kucha akiumwa na mbu, na huyo wa pili ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Muda wa kuamka ulikuwa vilevile: 9:00 ni mama aliyeamka saa tisa usiku kuwahi mwaloni dagaa wanaposhushwa, au ni mgonjwa aliyelala mpaka saa tatu asubuhi? Swali lote tuliliacha. Watu zaidi ya 200 walitupa muda wao, walituamini na mambo ya chumbani mwao, na majibu yao hayakutumika. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo fanyeni hivi:
– Usitumie kisanduku cha saa. Weka maswali mawili: namba kuanzia 1 mpaka 12 kama mhojiwa alivyoitamka, halafu kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.
– Mdodosaji ASIBADILISHE chochote kichwani. Kompyuta ndiyo ibadilishe baadaye.
– Saa za mchana (saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni) jumlisha 6. Saa za usiku jumlisha 18, na ikifika 24 au zaidi toa 24. Saa 3 usiku: 3 na 18 ni 21:00. Saa 8 usiku: 26, toa 24, ni 02:00, na tarehe imeshageuka.
– Angalia data kila jioni, siku ya kwanza hiyohiyo. Mimi nilisubiri wiki mbili.

Hatua ya 7. Vibali. Peleka dodoso la Kiswahili pamoja na la Kiingereza. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa kibali cha utafiti, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa maadili ya tafiti za afya; kwa maadili ya afya Zanzibar ni ZAHRI, kwa kibali cha utafiti Kenya ni NACOSTI. Kisha barua ishuke mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Ukibadilisha maswali baada ya kupitishwa, warudishie kamati.

Hatua ya 8. Jaribio. Watu 10 mpaka 15 wanaofanana na walengwa wako, wasiwe wa kijiji chako cha sampuli. Nao ni washiriki, kwa hiyo jaribio liwemo kwenye andiko uliloombea kibali. Usiwaulize "umeelewa?" maana kila mtu atasema ameelewa, hakuna anayetaka kumwaibisha mgeni. Mwambie: "Hebu niambie kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" Kisha nyamaza usikilize.

Maswali karibuni.

—

Tasnifu2: Mkuu somo zuri sana, ubarikiwe. Naomba unitumie dodoso la Kiswahili la msongo wa mawazo kwa wanafunzi, nawasilisha Ijumaa.

Mleta mada: Hatua ya 1. Na msongo wa mawazo si sonona; amua kwanza unapima kipi.

Tasnifu2: Sawa mkuu ila kama unalo nitumie tu.

Mleta mada: Sina la kutuma. Zungumza na msimamizi wako kuhusu hiyo Ijumaa.

Kijana wa Takwimu: Samahani mkuu, nimeijaribu kanuni yako kwenye karatasi. Saa 12 asubuhi inagoma. Kipindi ni asubuhi, nikijumlisha 6 napata 18:00, yaani jioni.

Mleta mada: Asante kwa kuijaribu kabla ya kuitumia. Uko sahihi: saa 12 asubuhi ni mwisho wa usiku, ihesabu na kundi la usiku. 12 na 18 ni 30, toa 24, ni 06:00. Alfajiri yote nayo iko kundi la usiku: saa 11 alfajiri inatoka 05:00. Saa 12 jioni inabaki kundi la mchana, inatoka 18:00. Ukiandika maelekezo ya programu, 12 asubuhi ipe mstari wake. Na zuia yasiyowezekana, mfano "saa 7 asubuhi": mdodosaji akiandika hivyo ujue amekwisha kubadilisha kichwani, na programu imsimamishe palepale mhojiwa akiwa bado mbele yake.

Mzee wa Data: Mimi naona tatizo lako lilikuwa mafunzo. Wadodosaji wangefundishwa vizuri wasingekosea. Unalaumu dodoso bure.

Mleta mada: Walifundishwa siku tatu na saa ilitajwa. Mtu aliyetembea tangu asubuhi, yuko kaya ya tisa, mhojiwa anasema "saa nne" na kisanduku kinaonyesha 4, ataandika 4. Dodoso zuri linamlinda mdodosaji aliyechoka. Msimamo wangu ni huo, na kosa nimesema ni langu, si lao.

MwanaKilifi: Salamu kutoka Pwani ya Kenya, huku sisi twaiita hojaji. Nina la kuongeza kuhusu hilo "jana usiku". Kwetu, wazee wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia Alhamisi baada ya magharibi, kwani siku huanza jua likizama. Kijana akisema usiku wa Ijumaa anakusudia Ijumaa yenyewe. Nyumba moja, majibu mawili.

Mleta mada: Hili sikuliandika na lilipaswa kuwemo, ahsante sana ndugu yangu. Dawa yake ni "usiku wa kuamkia". Sensa yetu ya 2022 iliuliza waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na hapo mzee na kijana wanakutana. Mimi sasa nauliza "usiku wa kuamkia leo" badala ya "jana usiku". Je, huko Kilifi linaeleweka hivyohivyo?

MwanaKilifi: Laeleweka vyema, hata kwa wazee.

Mpunga Mbarali: Mimi niko kwenye kilimo. Ukimwuliza mkulima amevuna kiasi gani anakwambia gunia 30, lakini gunia lake ni lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi. Nabadilishaje kuwa kilo?

Mleta mada: Usibadilishe kwa namba moja kwa wote. Nenda na mizani ya kuning'iniza, katika kila kijiji pima magunia matano sita kama wao wanavyoyajaza, upate wastani wa kijiji hicho. Debe nalo lipime, la kusawazishwa na la kichuguu mbalimbali. Na uliza unyevu: mpunga wa leo kutoka shambani na uliokaa ghalani miezi mitatu havina uzito mmoja hata kama gunia ni lilelile. Eka nazo nyingine ni za kupiga hatua kwa miguu. Ukiweza, zunguka shamba na GPS, kisha ulinganishe na alichotaja.

Bi Muuguzi: Kaka, wazee wangu wanashindwa na "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa". Wote wanasema nakubali.

Mleta mada: Dada, kata vipande viwili. Kwanza: unakubali au hukubali? Akishajibu, ndipo: sana au kiasi? Nimeona pia kete za bao zikisaidia: unaweka kete tano mbele yake, anasogeza kadiri anavyoona. Mwanzishe kwa swali lisilo na uzito, kama anapenda ugali wa mtama kiasi gani, mpaka uone kete zinasogea kweli.

Bi Muuguzi: Nitajaribu kete. Na asiyejua kusoma, fomu ya ridhaa?

Mleta mada: Dole gumba, na shahidi asiye wa timu yako anayesikia fomu yote ikisomwa, naye asaini. Beba wino na kitambaa cha kufutia, usimwache mzee wa watu na kidole cheusi.

Kijana wa Takwimu: Na umri? Nina wahojiwa wengi wanaoandikwa miaka 60 kamili au 70 kamili.

Mleta mada: Hao wamekadiriwa. Tengeneza kalenda ya matukio. Ya kitaifa: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Vita vya Kagera 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Kisha ongeza ya kijiji, ndiyo yanayofanya kazi zaidi: mwaka shule ilipofunguliwa, mafuriko yaliyobomoa daraja. Muulize: "Wakati wa Vita vya Kagera ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni?" Mama mmoja alianza na "sijui mwanangu", tukafika kwenye mtoto wa pili aliyekuwa anatambaa wanajeshi walipopita na magari, na kutoka hapo akaanza kuhesabu mwenyewe kwa vidole.

Mpunga Mbarali: Mkuu, hiyo kalenda unaweza kuiweka hapa?

Mleta mada: Ya kitaifa nitaiweka kesho jioni. Ya kijiji kaa na wazee wawili watatu chini ya mti kabla ya kuanza kazi, wakutajie wao.