Kuwawezesha Mameneja wa Matawi Kujichambulia Data: Mwongozo kwa Kampuni Kubwa ya Usambazaji

Katika kampuni nyingi za usambazaji wa bidhaa, meneja wa tawi la Mwanza anayetaka kujua ni maduka gani ya jumla yamepunguza kununua mafuta ya kula hulazimika kuandika barua pepe makao makuu Dar es Salaam, kusubiri mtu wa TEHAMA apate nafasi, kisha kupokea jedwali lisilojibu hasa alichouliza. Akiuliza tena, anarudi mwisho wa foleni. Zana za kujichambulia data, yaani programu kama Power BI, Tableau, Metabase na Apache Superset, zimetengenezwa ili mwenye swali aingie mwenyewe kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa skrini wenye takwimu na michoro, achague bidhaa, kipindi na eneo, na apate jibu bila kuandika msimbo wowote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziingiza katika kampuni yenye maghala mengi na wafanyakazi wengi. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye programu. Uko katika kukubaliana maana ya kila takwimu kabla watu hawajafunguliwa mlango, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu makubaliano hayo.

Anza na swali moja lenye gharama

Kampuni nyingi huanza na manunuzi. Zabuni inatangazwa, leseni zinanunuliwa kwa wingi, watu wanaitwa kwenye ukumbi wa hoteli kwa mafunzo ya siku mbili, na baada ya miezi michache wanaotumia zana hizo ni wale wale wa TEHAMA waliokuwa wakiandaa ripoti tangu mwanzo. Ni afadhali kuanza na swali moja linalojirudia kila wiki na ambalo jibu lake likikosewa fedha inapotea. Katika usambazaji maswali ya namna hiyo hayako mbali: ni bidhaa gani itaisha ghalani kabla gari lijalo halijafika, ni mteja gani amepitiliza muda wa kulipa, na ni njia gani ambayo magari hurudi na mzigo ambao haukupokelewa. Ninapendekeza la kwanza, kwa sababu data zake tayari zimo katika mfumo wa mauzo na wa ghala, na kwa sababu haligusi kamisheni ya mtu yeyote, hivyo halina wapinzani wa siri.

Tuseme tawi la Songea limeuza katoni 600 za mafuta ya kula katika siku 30 zilizopita, na ghalani zimebaki katoni 240. Kwa hesabu ya haraka, mauzo ni katoni 20 kwa siku na akiba inatosha siku 12. Kama agizo huchukua siku 10 tangu kuidhinishwa hadi mzigo kushushwa, meneja hataona sababu ya wasiwasi. Lakini kumbukumbu za ghala zinaonyesha kwamba katika siku hizo 30, kwa siku 10 mafuta hayakuwepo kabisa. Kwa siku 20 ambazo yalikuwepo, mauzo yalikuwa katoni 30 kwa siku. Akiba iliyopo ni ya siku 8 tu, na tawi litakaa siku 2 bila mafuta hata agizo likiidhinishwa leo hii.

Sifuri katika safu ya mauzo haielezi kama wateja hawakuitaka bidhaa au bidhaa haikuwepo. Mchambuzi aliyeko makao makuu anaweza kupita juu ya sifuri hiyo bila kuitilia shaka, lakini mtunza ghala wa Songea anakumbuka wiki ambayo rafu zilikuwa tupu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumpa yeye na meneja wake uwezo wa kujichambulia: wao wanajua mambo ambayo hayamo kwenye jedwali, na wanaweza kuligundua jibu lisilo sahihi kwa kulitazama tu.

Andika kamusi ya takwimu kabla ya kutengeneza dashibodi

Waulize watu wanne katika kampuni moja mauzo ya mwezi uliopita yalikuwa kiasi gani, na huenda ukapata majibu manne ambayo yote yana msingi. Mhasibu anahesabu ankara zilizotolewa. Mkuu wa usafirishaji anahesabu mzigo uliopokelewa na mteja. Mtu wa mikopo anahesabu fedha zilizoingia benki au kwa M-Pesa. Mkuu wa mauzo, ambaye bonasi yake inategemea takwimu hiyo, hajaondoa mizigo iliyorudishwa. Wakati ripoti zilipokuwa zikitoka kwa mtu mmoja, tofauti hizi zilifichika kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa akichagua. Ukiwapa watu 200 zana za kujichambulia bila kuondoa tofauti hizo, kila kikao kitaanza kwa mabishano kuhusu takwimu ya nani ni sahihi, na imani iliyopotea katika vikao vya kwanza hurudi kwa shida sana.

Kwa hiyo waite wakuu wa fedha, mauzo, ghala na usafirishaji, na muandike kwa Kiswahili cha kawaida maana ya takwimu zisizozidi 15 kwa kuanzia. Kila takwimu iwe na jina moja, sentensi inayoieleza, na jina la mkuu mmoja mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Kwa mfano: "Mauzo halisi ni thamani ya bidhaa zilizopokelewa na mteja katika kipindi husika, baada ya kutoa marejesho na punguzo, bila VAT." Maneno hayo mawili ya mwisho yasidharauliwe. Tanzania Bara hutoza VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, na baadhi ya bidhaa zimesamehewa, wakati Zanzibar ina sheria yake ya VAT na mamlaka yake ya mapato. Kampuni inayosambaza pande zote mbili za bahari haiwezi kulinganisha matawi yake kwa bei zenye kodi ndani yake. Amueni pia jinsi ya kuhesabu bidhaa za bure zinazotolewa wakati wa promosheni, kwa sababu zinapunguza akiba ya ghala bila kuongeza mauzo.

Vipimo vinahitaji uangalifu wa pekee. Kreti ya soda ina chupa 24, lakini katoni ya bidhaa nyingine inaweza kuwa na vipande 6, 12, 24 au 48, na kiwanda kinaweza kubadilisha idadi hiyo katikati ya mwaka bila kubadilisha jina la bidhaa. Jedwali la bidhaa lazima lionyeshe kila katoni ina vipande vingapi, tangu tarehe ipi hadi ipi. Bila hilo, bidhaa ambayo katoni yake imepunguzwa kutoka vipande 24 hadi 12 itaonekana kana kwamba mauzo yake yameongezeka maradufu, na kuna meneja atakayepongezwa kwa jambo ambalo halikutokea.

Maeneo nayo hubadilika. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilifanywa mikoa mwaka 2012, na Songwe ilitengwa na Mbeya mwaka 2016. Kampuni yenye kumbukumbu za miaka mingi itaona Mbeya ikianguka ghafla mwaka huo ikiwa rekodi za zamani hazikupangwa upya kwa wilaya. Suluhisho ni kuhifadhi wilaya na, inapowezekana, kata ya kila mteja, kisha mkoa ujengwe juu yake.

Kuhusu kalenda, ninaona ni hapa ambapo programu zilizotengenezwa kwingineko hutupotosha zaidi. Zana hizi huja na kitufe cha kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huo wa mwaka jana, na kwa sukari, tende na unga ulinganisho huo hauna maana pale Ramadhani inapohama. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 uliingia Machi na kuishia Aprili. Mwaka 2025 ulikuwa karibu wote ndani ya Machi. Anayelinganisha Aprili ya miaka hiyo miwili kwa bidhaa za futari na sikukuu ataona mauzo yameporomoka, ilhali kilichohama ni mwezi wenyewe. Tengeneza jedwali la tarehe ambalo kila siku ina alama zake: Ramadhani, wiki ya Idi, kufunguliwa kwa shule, msimu wa korosho kwa Mtwara na Lindi, msimu wa pamba kwa Simiyu na Shinyanga, na masika kwa njia ambazo magari hukwama. Jedwali hilo moja litawasaidia watumiaji kuliko michoro yoyote mizuri.

Hakikisha pia fomu za safari za magari zinataja saa kwa namna moja. Dereva akiandika saa 2 kwa maana ya asubuhi na mfumo ukaisoma kuwa saa nane za usiku, muda wa safari utatoka usioaminika, na kosa hilo halionekani kwa urahisi.

Tenga data za uchambuzi na mfumo wa mauzo

Usiunganishe zana za uchambuzi moja kwa moja na mfumo unaotoa ankara. Mtu mmoja akiomba mauzo ya miaka mitano kwa kila mteja saa nne asubuhi, makarani wa matawi yote wanaweza kushindwa kutoa ankara huku magari yakisubiri getini. Tengeneza hifadhidata ya pili, PostgreSQL au nyingine ambayo mafundi wako wanaifahamu, na data zihamishiwe humo kila usiku zikiwa zimesafishwa kulingana na kamusi. Kwa maswali mengi ya usambazaji, data za jana zinatosha.

Wapo watakaouliza kwa nini lahajedwali za zamani zisiendelee. Karatasi moja ya Excel inapokea safu mlalo 1,048,576. Kampuni inayotoa ankara 4,000 kwa siku, kila moja ikiwa na bidhaa 8, huzalisha mistari 32,000 kila siku, na karatasi hiyo itajaa siku ya 33. Hata hivyo, mhasibu ambaye kwa miaka mingi ameishikilia kampuni kwa lahajedwali zake asiwekwe kando. Ndani ya fomula zake mna maamuzi ambayo hayakuandikwa popote pengine, na awe miongoni mwa watu wa kwanza kuitwa katika uandishi wa kamusi. Mfumo mpya na lahajedwali zake viendeshwe sambamba kwa angalau ufungaji wa miezi miwili, na kila tofauti ielezwe kabla ya kuhama.

Uchaguzi wa programu usichukue muda mrefu. Metabase ina toleo huria, yaani ambalo msimbo wake uko wazi na hutumika bila kulipia leseni, na Superset ni huria kabisa, lakini zote mbili zinahitaji fundi wa kuzitunza. Power BI Desktop hutolewa bure na hufanya kazi kwenye Windows pekee, na kusambaza ripoti kwa wengine kwa kawaida hudai leseni ya kulipia. Kipimo kinachonishawishi ni kimoja: ifungue dashibodi kwenye simu ya kawaida, ukiwa kwenye ghala la tawi lenye mtandao dhaifu kuliko yote, uone inachukua muda gani.

Nani aone nini

Kila mtumiaji aone data za eneo lake kwa kina na za kampuni nzima kwa jumla. Majina na namba za simu za wateja, pamoja na kumbukumbu za mahali alipopita wakala wa mauzo, ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizo zinagusa usajili wa kampuni kama mkusanyaji wa taarifa na pia upelekaji wa taarifa nje ya nchi, jambo linalozihusu programu ambazo seva zake ziko ng'ambo. Mwanasheria wa kampuni ashirikishwe kabla data hazijapakiwa. Kwa uchambuzi mwingi namba ya mteja katika mfumo inatosha, na jina lake halihitajiki.

Mafunzo yafanyike kwa data zao wenyewe

Chagua mtu mmoja kutoka kila tawi, si lazima awe meneja, bali yule ambaye wenzake humfuata wanapokwama na kompyuta. Afike akiwa na swali halisi la tawi lake, na aondoke akiwa amelijibu. Data za mfano za duka la baiskeli la Marekani hazimfundishi kitu mtu anayeuza sabuni Tabora. Baada ya hapo apewe saa kadhaa kila wiki zilizotengwa rasmi kwa kazi hiyo, kwa maandishi ya bosi wake, kwani bila muda huo ataendelea kutumia njia za zamani kila mwisho wa mwezi.

Jambo ambalo ningewasihi sana wakurugenzi ni kutotumia dashibodi mpya kuwaadhibu watu katika miezi ya mwanzo. Mtunza ghala akiitwa kujieleza kwa sababu ya upungufu ulioonekana kwenye skrini, wengine watajifunza kurekebisha takwimu pale zinapoingizwa, na hapo hakuna zana itakayoweza kuwaokoa. Upungufu wa kwanza utakaoonekana uulizwe kama swali kuhusu data: je, mzigo ulipokelewa bila kuandikwa, au katoni zilihesabiwa kama vipande?

Watu wakishazoea, ripoti zitaongezeka haraka. Weka ngazi mbili zinazoonekana wazi: ripoti rasmi, ambazo zimekaguliwa dhidi ya kamusi na zinaruhusiwa kutumika katika vikao vya menejimenti, na ripoti za majaribio, ambazo mtu yeyote anaweza kutengeneza kwa matumizi yake. Ripoti ya majaribio inayotumiwa na matawi matatu au zaidi ifikishwe kwa mwenye mamlaka ya takwimu husika ili aipitie. Ile ambayo haijafunguliwa kwa siku 90 iondolewe kwenye orodha ya wazi, na aliyeitengeneza apewe mwezi mmoja wa kuidai kabla haijafutwa.