Maswali ya boksi kwenye mteremko: chora kwanza, fomula baadae

Wengi mnaokwama kwenye maswali ya kitu kinachoteleza kwenye mteremko shida yenu sio hesabu, shida ni mchoro, mtu kasoma mstari mmoja tu wa swali tayari kashaandika F = ma (nguvu ni masi mara mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde) afu anaanza kuhangaika aweke sin au cos. Tulia kwanza.

Chukulia makuli wanapakia boksi la kilo 20 kwenye lori. Bodi ya lori iko mita 1 kutoka chini, ubao walioegesha una mita 2. Kimo gawanya kwa urefu wa ubao ni 0.5, ndo sin ya pembe yenyewe, so pembe ni digrii 30. Namba ya msuguano (μ) tuseme 0.3, na g (mchapuko wa uvutano wa dunia) weka 10.

Sasa mishale, kila mmoja ni nguvu. Uzito, 20 × 10 = 200 N, unashuka wima kabisa kuelekea ardhini, haulali na ubao, na hapa ndo watu wengi wanaharibu kila kitu kinachofuata. Ubao nao unalisukuma boksi kwa mshale uliosimama digrii 90 na ubao wenyewe. Msuguano unalala na ubao, kinyume na boksi linakoelekea.

Uzito unaugawa vipande viwili, kimoja kinafuata ubao na kingine kinaukandamiza. Kipi sin kipi cos? Usikariri, laza ubao chini kichwani mwako, pembe iwe 0. Boksi linateleza lenyewe kwenye sakafu tambarare? Halitelezi, so kipande kinachoteremsha lazima kiwe 0, na sin 0 ndo 0. Basi kinachoteremsha ni 200 × sin 30 = 100 N na kinachokandamiza ni 200 × cos 30 = 173 N. (Kalkuleta ikikupa sin 30 ni -0.988 ujue iko kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), irudishe digrii, mimi hiyo iliwahi kunila maksi za swali zima.)

Msuguano ni 0.3 × 173, kama 52 N. Wanafunzi wengi wanaweka 0.3 × 200 kwa mazoea ya sakafu tambarare, hapana, ubao haubebi uzito wote.

Makuli wakiliachia litelemke: 100 − 52 = 48 N, gawanya kwa 20, mchapuko ni 2.4 m/s². Wakilisukuma lipande kwa mwendo usiobadilika, msuguano unageuka unaelekea chini pamoja na kile kipande cha uzito, so wanahitaji 100 + 52 = 152 N. Boksi ni lile lile na ubao ni ule ule, kilichobadilika ni mshale mmoja tu, ndo maana kabla ya kujumlisha au kutoa jiulize linaenda wapi.

Mtego wenyewe huu hapa. Makuli wakatafuta ubao wa mita 4, wanajua mrefu haukamui sana. Sin inakuwa 0.25, kinachoteremsha 50 N, kinachokandamiza kama 194 N, na msuguano unaweza kufika 58 N. Boksi limeachiwa limetulia juu ya ubao, msuguano ni ngapi? Ukijibu 58 umekosa, maana ingekuwa 58 boksi lingepanda lenyewe kama lina pepo! Jibu ni 50, msuguano wa kitu kilichotulia unatoa kiasi kinachohitajika tu, hiyo 58 ni mwisho wake. Kulisukuma lipande hapo ni kama 108 N badala ya 152, ila umbali umekuwa mara mbili.

Ukimaliza hakiki kwa nishati. Kwenye ubao wa mita 2 boksi likishuka toka juu mpaka chini, kasi yake v inatoka kwenye v² = 2 × mchapuko × umbali = 2 × 2.4 × 2 = 9.6, so v ni kama 3.1 m/s. Njia ya pili: uzito umetoa 200 × 1 = 200 J, msuguano umekula 52 × 2 = 104 J, zimebaki 96 J za mwendo, ambazo ni nusu ya masi mara v². Nusu ya 20 ni 10, 10v² = 96, v² ni 9.6 tena. Zisipolingana usianze kufuta hesabu, rudi kwenye mchoro uangalie mshale wa msuguano umeelekea wapi.